Bolti Niliyomlaumia Kaka Yangu

Nilinunua gari nikiwa na miaka thelathini na sita, na aliyelikagua kabla sijalichukua ni kaka yangu. Alikuwa fundi katika gereji moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji, ambako maduka ya vipuri yamepangana mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa karani wa mawakili, umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwake. Nilikaa Waithaka na mke wangu na binti zetu wawili. Yeye alikuwa amepanga chumba Kinoo, kwa mama mmoja mjane aliyelima sukuma wiki nyuma ya nyumba za wapangaji.

Wazazi wetu walifariki mimi nikiwa darasa la sita. Kaka, aliyenizidi miaka kumi na miwili, akanitoa kwetu magharibi, akanileta Nairobi, akanisomesha mpaka nikavaa tai. Yeye hakuwahi kuvaa tai ila Jumapili, kanisani, ambako aliimba sauti ya nne kwenye kwaya. Alikuwa na mke zamani. Kisha akaingia kwenye pombe, mke akavumilia miaka, halafu akafunga virago akarudi kwao. Hawakuwa wamepata mtoto. Mwaka uliofuata kaka aliacha pombe, akaacha kabisa, lakini mke hakurudi. Hayo mambo hatukuyazungumza. Kila mtu katika ukoo aliyajua, na kila mtu aliyapita kando kama mtu apitavyo shimo analolijua njiani.

Nilinunua spana ya toki, ile ya kukazia nati kwa kipimo, kwa sababu ya pancha. Mkubwa wangu alinituma kupeleka hati kwa mteja Spring Valley, na gurudumu la mbele likaisha upepo kwenye kijia chenye ua mrefu pande zote mbili. Nikatoa jeki, nikatoa spana ya magurudumu, nati zikakataa. Nilisimama juu ya ile spana nikaruka kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba. Nati tatu zikafunguka. Ya nne ikakatika pamoja na bolti yake. Nikampigia kaka simu, akaja saa ya chakula cha mchana na bomba la chuma mkononi.

"Nani alikaza hizi?" aliuliza.

"Wale vijana wa pancha, wiki iliyopita."

"Walikuwa wanashindana na nani?" Akacheka, akachuchumaa. "Watu wanafikiri nati inakazwa kwa hasira. Nati iko na kipimo chake. Ikilegea gurudumu linatoka, ikizidi chuma kinavutika, kesho kinakatika. Nunua toki yako, uache kubahatisha."

Jumamosi iliyofuata tulienda pamoja kuichagua. Ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima, ndani ya sanduku la plastiki nyeusi, na mpini wake ulizungushwa kupanda au kushuka kwenye namba. Ukiweka namba yako, unakaza taratibu, na nguvu ikifika pale inalia *tak*, unaisikia mpaka kwenye kiwiko. Hapo unaacha. Kaka alinifundisha uani kwangu, mke wangu ametuwekea chai na chapati juu ya pipa la maji lililogeuzwa.

"Hii si ya kufungulia," alisema. "Ya kufungulia ni ile nyingine, mbaya, hata ukiipiga nyundo ni sawa. Hii ni ya kukazia peke yake. Usiiangushe. Na ukimaliza, rudisha mpini mpaka namba ya chini kabisa kabla ya kuifunga. Ndani kuna springi. Ukiiacha imebanwa siku zote inachoka, halafu inaanza kukudanganya."

Kwa vile alinijua sipendi mambo ya namba, alipaka mstari mdogo wa rangi nyeupe kwenye mpini. "Hapa ndipo pa magurudumu. Ukifika mstari, kaza." Kwa miaka mitatu nilifuata ule mstari na sikuwahi kuitazama spana yenyewe vizuri. Niliifunga kwa kitambaa cha flana, nikaiweka juu ya kabati chumbani, mbali na vumbi na unyevu.

Mke wangu aliniuliza, "Hii ni spana ama ni mtoto mchanga?"

Jumamosi nyingi kaka alikuja Waithaka. Tuliinua gari, tukatazama breki, tukabadilisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, tukakaza nati kwa kupishana, hii na ile ya mkabala. Alipenda nikaze mimi, yeye asimame akisikiliza. Spana ikilia alitikisa kichwa kidogo, kama msimamizi wa kwaya anaposikia sauti imeingia mahali pake. Sidhani nimewahi kuwa na furaha nyepesi kama ile. Hatukuwa tunasema mengi.

Kisha akaiazima. Alikuwa amepata kazi ya nje, injini ya jirani huko Kinoo, na toki ya gereji haikuruhusiwa kutoka. Alikaa nayo wiki mbili akairudisha Jumamosi moja mchana. Nakumbuka hakuketi. Mke wangu alimletea chakula, akasema kichwa kinamuuma tangu asubuhi, afadhali arudi akalale. Alinikabidhi sanduku mlangoni, nikalipandisha kabatini bila kulifungua.

Wiki moja baadaye niliamua kubadilisha oili mwenyewe. Nilitaka kumwonyesha kwamba naweza. Rafiki yangu ofisini alikuwa amenitolea nakala ya kurasa za kitabu cha lile gari, na humo palikuwa na kipimo cha bolti ya chini, ile inayofunguliwa kumwaga oili chafu. Thelathini na tisa. Nilipofungua sanduku nikakuta mpini uko juu sana, umebanwa, haukurudishwa. Nilikasirika. Mtu aliyenihubiria miaka mitatu ameshindwa kufuata mahubiri yake.

Spana ilikuwa na mistari miwili ya namba, mmoja kila upande. Upande mmoja ulianzia juu ya arobaini, basi thelathini na tisa haikuwamo. Nikaigeuza, nikaiona upande wa pili. Nikaweka hapo, nikaingia chini ya gari, nikaanza kukaza huku nikingoja mlio. Mlio haukuja. Mkono ulikuwa unaniambia imetosha, lakini nilikuwa nimefundishwa niamini spana. Nikaendelea. Ghafla bolti ikalegea mkononi, ikawa inazunguka tu bure, meno yake yameliwa. Oili mpya, niliyokuwa nimeshaimimina bolti ikiwa imeshikwa kwa vidole tu, ikaanza kutona kwenye changarawe.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa siku ya kumtembelea binti yetu mkubwa shuleni. Alikuwa kidato cha kwanza, mara ya kwanza kukaa mbali nasi. Mke wangu alikuwa ameshapika. Alienda peke yake kwa gari la abiria na vyombo vya chakula mapajani, na alipochelewa kufika alimkuta mtoto amekaa peke yake kwenye nyasi, wenzake wameshakula. Nilibaki nyumbani nikimngoja kaka, niliyekuwa nimempigia simu.

Alikuja jioni, akitoka moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya kanisani, na suti yake ya kijivu. Akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akaingia chini ya gari na shati jeupe. Mke wangu alikuwa amerudi, amekaa kwenye ngazi.

"Meno yameisha," kaka alisema kutoka kule chini. "Si mbaya sana. Tutatafuta bolti kubwa kidogo, tukate meno mapya."

"Spana uliirudisha ikiwa imebanwa," nikamwambia.

Akatoka taratibu. Akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu. "Nilisahau?"

"Umesahau. Wiki nzima springi imekaa imebanwa. Sasa ona."

"Nisamehe kwa hiyo. Lakini wiki moja haiui springi. Uliweka ngapi?"

"Niliweka ile iliyoandikwa kwenye kitabu."

"Lete hicho kitabu nione."

Zile kurasa za kitabu zilikuwa mezani ndani, hatua tano kutoka pale. Nimezihesabu hizo hatua mara nyingi. Kama ningekwenda kuzichukua, angezitazama, angeitazama spana, angecheka kama alivyocheka Spring Valley, na mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimemwona mke wangu akishuka barabarani na vyombo vitupu, na nilikuwa na aibu, na aibu ilitaka mtu wa kuibeba.

"Sina haja ya kuleta kitabu," nilisema. "Kila kitu ukishika kinaharibika, kaka. Hata nyumba yako."

Mke wangu alisema, "Baba!" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona kikombe kinaanguka.

Kaka alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Akasimama kwa kushika gari. Akachukua koti lake kwenye kamba, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "chai nitakunywa siku nyingine."

Akaenda. Nilimwona akipinda pale kwenye duka la mkaa. Mgongo wa shati ulikuwa na oili, na ile oili ilikuwa imeanza kupenya kwenye koti.

Fundi mwingine alinitengenezea ile bolti. Sikumpigia kaka. Nilijiambia kwamba yeye ndiye mkubwa, ataanza. Mke wangu aliniambia mara mbili niende Kinoo, na mara ya tatu akaniambia hataniambia tena. Nilipita nyuma ya gereji yake nikitoka kazini kwa njia ndefu zaidi, ili nisimwone. Jumapili moja, baada ya kama miezi miwili, simu yangu iliita mara moja ikakata. Ilikuwa namba yake. Zamani alinifanyia hivyo akikosa salio, nami nikampigia. Nilikuwa nimeishika mkononi. Nikaiweka juu ya redio, nikaendelea kula.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa kanisa letu, mwalimu wa ufundi katika chuo kimoja mjini. Nilimlalamikia kuhusu spana iliyoharibiwa, akaniambia niilete aipime. Nilienda saa ya mchana na sanduku kwapani. Aliibana kichwa kwenye jiriwa ya meza, mpini ukalala hewani. Akapima kwa rula kutoka kichwani hadi penye mshikio, akatundika ndoo pale, akawa anaongeza vyuma alivyovipima kwanza kwa mizani. Kimoja. Kingine. Kingine. Spana ikalia. Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye ukingo wa gazeti. Akarudia kwa namba nyingine mbili, zote sawa.

"Spana yako ni nzima," alisema.

"Lakini iliachwa imebanwa."

"Kwa muda gani?"

"Wiki."

"Wiki si kitu. Ikikaa miaka, hapo sawa." Akanitazama. "Kwani ilikufanyia nini?"

Nikamweleza habari ya bolti ya oili.

"Uliweka ngapi?"

"Thelathini na tisa, kama kitabu."

"Upande upi?"

Nikamwonyesha. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa adabu, na nadhani alikuwa akinipa muda.

"Upande huu ni wa futi na pauni," alisema. "Vipimo vya Kiingereza. Kitabu cha gari la Kijapani kimeandikwa kwa nyutoni, ambazo ni upande huu mwingine. Thelathini na tisa ya huku ni kama hamsini na tatu ya kule. Uliikaza kupita kiasi, rafiki yangu. Na ukitazama vizuri, upande wa nyutoni hiyo namba yako haimo kabisa, kwa sababu hii spana ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Ungetumia ndogo. Spana yenyewe ilijaribu kukuambia."

Nilitoka pale nikasimama kwenye kivuli cha jengo, watu wananipita. Gereji ya kaka ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka pale. Nilikuwa na nusu saa kabla ya kurudi ofisini. Nikajiambia jambo kama hili halisemwi gerejini mbele ya watu, nitaenda Kinoo Jumamosi. Jumamosi ikaja na mazishi ya mfanyakazi mwenzangu. Nikasema basi Jumamosi nyingine.

Alhamisi ya wiki hiyo iliyofuata namba yake ikaita, na safari hii haikukata. Aliyekuwa akiongea ni mama mwenye nyumba.

"Wewe ni ndugu yake? Kuja haraka. Asubuhi nilisikia kitu imeanguka huko kwake, nikapata amelala kwa mlango, mkono haisongi, mdomo imeenda upande. Tumemleta hospitali. Wanasema ni presha."

"Alikuwa amekunywa?" Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Mpaka leo sijui lilitoka wapi.

"Kunywa?" mama alisema. "Huyu mtu hajagusa pombe tangu aingie kwa ploti yangu. Kichwa ndio ilikuwa inamsumbua, miezi sasa. Anasahau vitu. Anaacha jiko imewaka. Nilimwambia aende apimwe, anasema kesho."

Nilimkuta wodini amelala upande, shuka imefika kidevuni. Yule mama alikuwa bado yupo, amekaa kwenye benchi na gambuti zake za shambani. Alinipa mfuko wa vitu vyake: simu, kitabu cha nyimbo, funguo, na bolti moja mpya iliyofungwa kwa karatasi.

"Hiyo alisema ni ya gari yako," aliniambia. "Ilikaa kwa dirisha yake muda mrefu. Alikupigia Jumapili moja akuambie ameipata, lakini simu ikaisha pesa."

Tulimleta Waithaka baada ya wiki tatu. Binti yetu mdogo alihamia chumbani kwetu, kaka akalala kwake. Upande wa kulia haukurudi. Na maneno yote yalimpotea isipokuwa moja. Ukimuuliza kama ana njaa, alisema "haya." Ukimuuliza anaumwa wapi, "haya." Akitaka dirisha lifungwe alilitazama akasema "haya" kwa hasira, na akimwona mke wangu akiingia na maji ya kuoga alisema "haya" kwa upole uliotufanya tutazame chini. Daktari alisema huenda anaelewa kila kitu, huenda anaelewa kidogo. Hakuna aliyeweza kutuambia kwa hakika.

Nilikuwa nikimnyoa ndevu uani asubuhi za Jumamosi, kwenye kiti cha mbao. Mwezi wake wa pili kwetu nikapata ujasiri. Nilizima redio, nikashika taulo mikono miwili.

"Kaka," nilisema, "ile bolti niliiharibu mimi. Niliweka namba upande usio wake. Spana haikuwa na kasoro."

"Haya," alisema.

"Na yale maneno niliyokuambia siku ile..."

"Haya."

"Ngoja nimalize. Yale maneno kuhusu nyumba yako..."

"Haya, haya."

Alikuwa akitazama mbele, kwenye gari. Jicho lake la kulia lilitoa machozi, lakini lile lilitoa machozi kila siku tangu augue, upepo tu ukivuma. Nilisubiri anitazame. Akainua mkono wa kushoto, akagusa shavu ambalo sikuwa nimelimaliza, akasema tena "haya," nami nikachukua wembe, nikaendelea kumnyoa.

Niliyasema tena mara nyingine mbili. Sikupata zaidi ya hapo. Kuna siku niliamini amenisamehe, na kuna siku niliamini hakujua nasema nini. Aliishi nasi miezi kumi na mmoja. Alifariki Jumanne moja mchana nikiwa kazini, mke wangu amemshika mkono, na alichosema mwisho sina haja ya kukiandika.

Tulimzika kwetu, magharibi, kando ya baba na mama. Kwaya yake ilisafiri kutoka Kinoo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote na udongo ulishika viatu. Watu walipokuwa wanakula nilimwona mwanamke aliyejifunga leso nyeusi amesimama peke yake karibu na mahindi. Sikumtambua mpaka aliponisalimu. Alikuwa mke wa kaka. Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Mumias, na hakuwa ameolewa tena.

"Tulikuwa tunaongea kwa simu," aliniambia. "Hukujua? Mwaka wa mwisho kabla ya kuugua. Mara moja kwa mwezi hivi."

Sikujua.

"Aliniambia mmekosana. Nikamuuliza mmekosania nini, akasema ni mambo ya spana tu. Akasema hasira zako ni za baba yenu, zikiachwa zinapoa zenyewe, atakungoja."

Ningeweza kuyaacha hapo. Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kumficha, nikamwambia sentensi yote kama nilivyoisema, pamoja na neno *nyumba*. Alinisikiliza hadi mwisho. Kwa muda alikuwa akitoa matope kwenye kisigino kwa kijiti.

"Hiyo hakuniambia," alisema. Kisha akasema, "Ile nyumba hakuiharibu peke yake, shemeji. Na mimi nilikuwamo."

Akaniuliza gari la kurudi Mumias linapita saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Nikachukua mfuko wake, tukateremka pamoja hadi barabarani, tukasimama tukingoja, na lilipokuja nikampandishia mfuko, akapata kiti upande wa pili, ambako sikuweza kumwona.